Kuchagua mashine ya leza kwa karakana ndogo ya useremala: mwongozo kamili

Kabla ya kuuliza mashine ina wati ngapi, chukua futi kamba upime kipande kikubwa kuliko vyote utakavyotaka kukichora. Mashine nyingi zinazolala kwenye kona za karakana hazikosi nguvu. Shida yake ni kwamba mlango wa kabati hauingii ndani, au moshi wake umemshinda fundi.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi kabla ya kuangalia mashine

Andika kazi za mwezi mzima: vibao vya majina, mbao za kukatia mboga, milango ya kabati, stuli zilizokwisha kuungwa, visanduku vya plaiwudi. Kando ya kila kazi weka mambo manne: urefu na upana, unene, kama ni kuchora tu au na kukata, na vipande vingapi kwa wiki.

Orodha hiyo itakupa jibu karibu lote. Kama kazi nyingi ni nembo na maandishi juu ya samani iliyokamilika, unahitaji mashine inayoweza kuwekwa juu ya kazi yenyewe. Kama ni kukata plaiwudi ya milimita 3 hadi 6 kutwa nzima, unahitaji leza ya CO2, iliyoelezwa Hatua ya 2. Na kama wateja wanataka herufi zilizozama milimita 4 au 5 ndani ya ubao, acha leza, tafuta ruta ya CNC, yaani ruta ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Leza huunguza. Ukiirudisha mara nyingi palepale ili izame zaidi, kuta za herufi zinakuwa makaa, chini panabaki mawimbi, na muda unaotumika kwa kibao kimoja ungetosha vitatu kwenye ruta.

Hatua ya 2: Chagua aina ya leza

Aina zinazomhusu seremala ni mbili. Ya tatu utaisikia tu kwa wauzaji.

Leza ya diodi hutoa mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanometa 445 hadi 455. Ni nyepesi, haihitaji maji, hutumia adapta kama ya kompyuta mpakato, na nyingi zina fremu ya wazi isiyo na sakafu. Hapo ndipo fundi samani anapofaidi: fremu unaiweka juu ya meza ya kulia au juu ya mlango na kuchora katikati kabisa, mahali ambapo mashine ya boksi haifiki. Udhaifu wake ni mwendo wa polepole katika kukata, na haiwezi kukata akriliki angavu kwa sababu mwanga wa bluu unapita ndani yake kama dirishani.

Leza ya CO2 hutoa mwale usioonekana wa nanometa 10,600. Mbao, ngozi, akriliki na kioo vyote huufyonza vizuri. Hukata haraka, na kingo hutoka safi zaidi. Lakini mashine ni nzito, tyubu ya kioo inayotoa mwale ni ya kubadilishwa mara kwa mara, inataka maji ya kupoza, na umeme unaoingia kwenye tyubu unazidi volti 15,000.

Leza ya faiba ya nanometa 1,064 ni ya chuma. Kwenye mbao haina maana. Inunue pale tu utakapoanza kuandika majina kwenye visu na bawaba, na iwe mashine ya pili.

Hatua ya 3: Soma wati halisi

Kwa diodi, tafuta nguvu ya mwanga unaotoka, achana na umeme unaoingia. Matangazo mengi yanaandika “40W” kwa herufi kubwa, na chini, kwa maandishi ya sisimizi, nguvu ya mwanga ni wati 5 tu. Diodi moja ya bluu hutoa takriban wati 5 hadi 6. Ili kupata wati 10 kiwanda huunganisha miale ya diodi mbili, na kwa wati 20 diodi nne. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja: kichwa kina diodi ngapi? Akisema moja huku akitaja wati 20, mazungumzo yameisha.

Kwa CO2, pima tyubu. Tyubu ya kawaida ya wati 40 ina urefu wa karibu milimita 700, ya wati 60 huanzia kama milimita 1,000, na ya wati 80 ni karibu 1,250. Boksi lenye urefu wa milimita 800 haliwezi kuficha tyubu ya wati 60, hata stika iseme nini.

Sasa, wati ngapi zinatosha? Kwa kuchora peke yake, diodi ya wati 10 inatosha kabisa, na hata ya 5 inafanya kazi safi. Kwa kuchora pamoja na kukata plaiwudi ya milimita 3 mara mojamoja, chukua diodi ya wati 20. Kukata kila siku ni CO2 ya wati 60, na ikiwa plaiwudi ya milimita 6 ndiyo mkate wako, wati 80. Nguvu kubwa ina ubaya wake: tyubu kubwa haiwaki vizuri kwenye nguvu ndogo sana, na doa la mwale wake huwa nene, hivyo picha zenye kivuli laini zinapoteza undani. Anayesema “chukua kubwa tu, utapunguza” hajawahi kuchora uso wa mtu kwenye ubao.

Hatua ya 4: Hesabu muda wa kazi moja

Hapa ndipo biashara inapojulikana kama ipo au haipo. Chukua kibao cha milimita 200 kwa 100 kinachojazwa chote. Ukiweka nafasi ya milimita 0.1 kati ya mstari na mstari, kichwa kitapita mistari 1,000, kila mmoja milimita 200. Jumla ni mita 200 za mwendo. Kwa kasi ya milimita 6,000 kwa dakika, ambayo ni ya kawaida kwa diodi ya wati 10, ni dakika 33. CO2 inayokwenda milimita 300 kwa sekunde inamaliza kwa dakika 11.

Lakini hesabu hiyo haina kugeuka. Kila mwisho wa mstari kichwa hupunguza mwendo, hugeuka, kisha huanza upya nje kidogo ya picha. Kugeuka kukichukua nusu sekunde, mistari 1,000 inaongeza zaidi ya dakika 8. Ndiyo maana kasi ya juu iliyoandikwa kwenye tangazo haikuambii mengi. Kichwa kizito chenye diodi nyingi juu ya mkanda mwembamba kinaweza kutajwa kuwa na kasi kubwa, ila hakiifikii kwenye mstari wa milimita 50. Omba kuona video ya kazi nzima yenye saa, au kaa mwenyewe na saa mkononi.

Njia rahisi ya kuokoa muda: nafasi ya milimita 0.15 badala ya 0.1 inashusha zile dakika 33 hadi 22, na kwenye mbao yenye nyuzi nene mteja haoni tofauti.

Hatua ya 5: Kitanda, kimo na mlango wa kupitisha

Eneo la kazi la milimita 400 kwa 400 linatosha kazi nyingi za zawadi na vibao. Kwa CO2, milimita 600 kwa 400 ni mwanzo mzuri.

Kimo ndicho kinachosahaulika. Mashine ndogo za boksi zina nafasi ya milimita 50 au pungufu kati ya kitanda na kichwa, na kitanda chenyewe hakishuki. Ubao wenye unene wa milimita 40 ukiwekwa juu ya kitanda cha sega (bati lenye matundu kama sega la nyuki) unakosa fokasi. Tafuta kitanda kinachopanda na kushuka kwa milimita 150 au zaidi, au kile unachoweza kukitoa. Mlango wa kupitisha mbele na nyuma unaruhusu ubao wa mita mbili, lakini ukiwa wazi mwale unaweza kutoka nje, na kinga ya boksi haipo tena.

Kwa kukata, sega la chuma linafaa: moshi unapita chini, mgongo wa ubao hauungui. Kwa vipande vizito, pini zilizosimama ni bora kuliko sega, kwa kuwa sega hupinda.

Hatua ya 6: Reli, mikanda na ubongo

Zima mashine, shika kichwa, ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza hata kidogo, herufi zitatoka na kingo zenye meno. Reli za chuma zenye bearingi za gololi hudumu kuliko magurudumu ya plastiki, ambayo huliwa na unga wa mbao. Hakikisha kuna swichi za mwisho kwenye pande zote mbili, vinginevyo kila asubuhi utatafuta mahali pa kuanzia kwa macho.

Bodi ya kuendeshea ndiyo inayoamua programu utakayotumia. Diodi nyingi hutumia GRBL (programu ndogo inayokaa ndani ya bodi), nazo zinakubali LaserGRBL, ambayo ni ya bure, na LightBurn, ambayo ni ya kulipia. CO2 nzuri huwa na bodi ya Ruida, na hiyo pia inaongea na LightBurn. Jihadhari na mashine za bei ya chini za aina ya K40 (boksi dogo la CO2 la wati 40) zenye bodi ya M2 Nano: LightBurn haiitambui, utabaki na programu chache kama K40 Whisperer au MeerK40t mpaka ubadilishe bodi. Si dhambi kuinunua, ila iingize bodi mpya kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Moshi ni nusu ya mashine

Tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya moshi kabla hujatenga ya mashine. Moshi wa mbao una lami inayoganda kwenye lenzi na kwenye vioo vinavyouelekeza mwale, inanyonya mwale, lenzi inapata joto na kupasuka. Fundi analalamika mashine imepungua nguvu, kumbe lenzi imekuwa kama kioo cha taa ya chemli.

Weka feni mwisho wa bomba, upande wa nje, isiwe karibu na mashine. Feni ikiwa nje, bomba lote ndani ya chumba linavuta. Likitoboka, hewa inaingia ndani yake. Feni ikiwa ndani, kila tundu linapuliza moshi usoni mwako. Tumia bomba la milimita 150 kwa boksi la CO2, na la 100 kwa diodi yenye kifuniko. Liwe laini ndani, fupi, na kona chache. Bomba la kukunjakunja lenye kona nne linaua feni nzuri. Vichujio vya mkaa vinasaidia pale usipoweza kutoboa ukuta, ila MDF huviziba upesi, na gharama ya kuvibadilisha haiishi.

Pampu ya hewa kwenye ncha ya kichwa ni lazima kwa kukata: inafukuza mwali wa moto na kulinda lenzi. Wakati wa kuchora punguza hewa, ibaki ya kulinda lenzi tu. Hewa kali inasukuma moshi kwenye uso wa ubao na kuacha madoa ya kahawia upande mmoja wa herufi.

Usiweke leza chumba kimoja na msumeno na randa. Unga wa mbao ukitua kwenye vioo unaungua palepale, na ukilala chini ya kitanda unasubiri cheche.

Hatua ya 8: Macho na moto

Leza ya fremu wazi iko kwenye daraja la 4, la hatari kuliko yote: hata mwale ulioakisiwa na skrubu unaweza kupofusha. Miwani iwe ya urefu wa wimbi wa leza yako. Kwa diodi ya bluu tafuta iliyoandikwa nanometa 445 hadi 455 na kinga ya OD 6, yaani inapitisha sehemu moja kwa milioni. Miwani ya diodi haijatengenezwa kwa CO2, na kifuniko cha polikaboneti angavu kinachozuia mwale wa CO2 kinapitisha wa bluu bila shida. Kila anayeingia chumbani anavaa, si fundi peke yake.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa gesi ya CO2. Wa unga nao unazima, lakini unga ule ukiingia kwenye reli na vioo, mashine haitarudi kuwa ileile. Usiache mashine inakata ukaenda kunywa chai. Moto huanza kwenye kona za plaiwudi, mahali kichwa kinapopunguza mwendo.

Kuna vitu visivyoingia kwenye leza hata mteja akibembeleza: PVC na vinaili, kwa sababu hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayodhuru mapafu na kutia kutu reli ndani ya siku chache, na mbao zilizotiwa dawa za wadudu zenye arseniki.

Hatua ya 9: Umeme na maji

Waya wa eathi kwa CO2 hauna mjadala. Mwili wa mashine ya volti 15,000 usio na eathi ni mtego. Usiguse kisanduku cha umeme wa juu hata baada ya kuzima, kwa kuwa kapasita hubaki na chaji. Umeme ukiwa unayumba, weka stebilaiza. Diodi inatumia umeme kidogo kiasi kwamba UPS ya kawaida inaweza kuibeba umeme ukikatika, ili kibao kisiharibike katikati.

Maji ya tyubu yawe yaliyotoneshwa. Ya bomba yana chumvi zinazopitisha umeme na kuacha ukoko ndani ya kioo. Joto lake libaki kati ya nyuzi 15 na 25. Hapa wanunuzi wengi hudanganyika: kipozaji cha CW-3000 ni rejeta na feni tu, hakiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 32, maji yako ni nyuzi 32 au zaidi, na tyubu inachoka mapema. CW-5200 ina kompresa ya friji na inaweza kupoza kweli. Kabla ya kuwasha kila siku, angalia kama kuna kiputo cha hewa ndani ya tyubu. Kiputo kikikaa karibu na kioo cha mwisho, sehemu hiyo haipozwi, na tyubu hupasuka. Inua upande mmoja wa mashine mpaka kitoke.

Tyubu ya akiba usiinunue mapema. Gesi yake hupungua hata ikiwa kabatini.

Hatua ya 10: Majaribio kabla ya kumaliza malipo

Beba vipande vyako mwenyewe, siyo vya muuzaji. Chukua plaiwudi ya milimita 3 uliyozoea kununua, kipande cha paini na cha mti mgumu wenye nyuzi ndogo.

Jaribio la kwanza ni gridi: viboksi vya milimita 8, kasi ikipanda upande mmoja na nguvu upande mwingine. Kwenye mti mgumu rangi ziongezeke taratibu. Kwenye paini utaona mistari, sehemu laini imezama na pete ngumu zimebaki juu. Hilo ni tabia ya paini, usimlaumu mwenye mashine. Na mbao nyeusi kama mpingo haionyeshi tofauti ya rangi, hata leza iwe nzuri vipi.

La pili ni kona nne na katikati. Chora doa moja kila mahali kwa nguvu ileile. Kwenye CO2, kona ya mbali ikitoka hafifu, vioo havijanyooshwa au kitanda hakiko sawa.

La tatu ni upana wa mkato. Chora ukanda wa milimita 100 uliogawanywa vipande 10, ukate wote. Visukume vipande vishikane upime. Vikitoa milimita 98.4, pungufu ni 1.6, gawa kwa 10, mwale unakula milimita 0.16. Namba hiyo ndiyo utakayoiweka kwenye programu ili viungo vya kisanduku vikaze. Rudia ukanda ukiwa umegeuzwa nyuzi 90, kwa kuwa doa la diodi mara nyingi ni la mstatili, hivyo upana wa mkato hutofautiana kwa kila mwelekeo.

La nne ni kukata duara la milimita 50. Mwanzo na mwisho wa mstari visipokutana, mikanda imelegea.

Plaiwudi ikikatika vizuri sehemu moja na kugoma nyingine, tazama mgongo wake kabla ya kulaumu leza: madonge ya gundi na viraka vya ndani ndivyo vinavyozuia mwale. Plaiwudi ya nje, yenye gundi isiyopitisha maji, hugoma karibu kila mahali. Nunua ya ndani.

Hatua ya 11: Vitu vya kuagiza pamoja na mashine

Lenzi moja ya akiba (kwa CO2, ya fokasi ya milimita 50.8 ndiyo ya kazi zote), seti ya vioo, mikanda ya mita mbili, kioo cha kinga kwa diodi, pamba za kusafishia na spiriti ya isopropili, na tepu ya karatasi ya wapaka rangi yenye upana wa milimita 100 au zaidi. Tepu hiyo hubandikwa juu ya ubao kabla ya kuchora, moshi unabaki juu yake, na ukiibandua uso uko safi bila msasa. Kwa herufi ndogo nyingi, ambapo kubandua vipande kimojakimoja ni adhabu, piga sila badala ya tepu, iache ikauke kabisa, chora, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya vanishi ya mwisho.

Lenzi ya CO2 yenye rangi ya njano ni ya zinki selenaidi. Ikivunjika usiishike kwa mkono mtupu wala kuifagia ikavu. Vaa glavu, okota vipande kwa karatasi yenye maji, funga kwenye mfuko, na mahali ilipoangukia pafutwe kwa kitambaa cha maji kinachotupwa pamoja nao.